Nyumba Ndogo Ndani ya Nyumba Kubwa

(Maneno ya somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima. Mmoja wenu asome kwa sauti, polepole, na wengine wafuatishe kwa macho.)

  Natumaini mmekwisha kukaa, madaftari yako tayari, na kalamu zimechongwa.

Leo hatusomi habari za chai wala za ng'ombe wa maziwa. Leo tunasoma habari za mchezo. Najua mtu mmoja huko nyuma anacheka. Anasema, "Mimi ni mtu mzima, nimeacha kazi yangu nije kusoma habari za mchezo wa watoto?" Ngoja kidogo, ndugu yangu. Ukifika mwisho wa somo utaniambia kama ni jambo la kuchekwa.

Tuanze na mvua. Nani asiyeijua mvua ya Rungwe? Huanza kwa kawaida mwezi wa Novemba, ikaendelea mpaka Mei, na Aprili hunyesha kama kwamba mbingu imetoboka. Mji wa Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Je, milimita 2,000 ni nyingi kiasi gani? Hesabuni pamoja nami. Milimita 1,000 ni mita moja. Basi milimita 2,000 ni mita mbili. Kama maji yote ya mwaka yangesimama uwanjani bila kukimbia wala kukauka, yangemfunika mtu mrefu na kofia yake. Na mvua ikiisha huja baridi na ukungu wa Juni na Julai, kwa maana Tukuyu iko juu, kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari.

Sasa fikirini mtoto wa miaka minne katika siku ya namna hiyo. Nje hawezi kwenda. Ndani hana kazi. Anafanya nini? Anakwenda mahali penye joto, yaani jikoni. Anakaa karibu na mafiga. Anachokoa kaa kwa kijiti. Anavuta mwiko. Mama amegeuka kuchukua unga, na sufuria ya maji ya moto iko pale pale, kimo cha kifua cha mtoto. Hamna haja nimalize maneno haya. Karibu kila kijiji kina mtu mwenye kovu la moto alilolipata utotoni, na ukimwuliza atakuambia, "Ilikuwa siku ya mvua."

Mtoto huyo hakuwa mtukutu. Alikosa mahali pake tu. Mtu mzima ana kiti chake, kitanda chake, na shamba lake. Mtoto mdogo hana mahali ndani ya nyumba ambapo anaweza kusema, "Hapa ni pangu." Somo letu ni hili: namna ya kumpa mtoto mahali pake, mbali na moto, kwa vitu vilivyomo nyumbani mwako.

Wajenzi wadogo wa zamani

Jambo hili si geni huku kwenu. Zamani, katika nchi ya Wanyakyusa, mtoto wa kiume alichunga ng'ombe wa baba yake mpaka alipofika umri wa miaka 10 au 11. Kisha aliwaachia wadogo zake uchungaji, naye akaanza kulima shamba la baba yake. Lakini usiku hakulala tena kwa baba. Yeye na wavulana wa rika lake walijenga vijumba vyao wenyewe kando ya kijiji cha baba zao. Vijumba vya kwanza vilikuwa vya matete tu, hafifu, kazi ya mikono ya watoto. Walipokua walijifunza kujenga vizuri zaidi, na hatimaye mahali pale pakawa kijiji kamili, chenye wake na watoto. Kwa chakula walikwenda pamoja, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule.

Godfrey Wilson na mkewe Monica walikuja kuchunguza maisha ya Wanyakyusa katika miaka ya 1934 mpaka 1938, na mwaka 1951 Monica alitoa kitabu juu ya vijiji hivyo vya marika. Desturi yenyewe imepita, lakini neno moja limebaki. Wanyakyusa husema ukwangala, maana yake kukaa pamoja na wenzako kwa furaha, mkila na kuzungumza na kusaidiana. Watu hawakuzaliwa wakijua ukwangala. Walijifunza wakiwa wadogo, katika vijumba vya matete.

Basi mtoto anapotandika khanga juu ya viti viwili, akamwambia mdogo wake, "Karibu kwangu, chai iko tayari," msidhani ni upuuzi. Anajifunza kukaribisha mgeni. Anajifunza kugawana, kungoja zamu yake, kuhesabu vikombe, kuzungumza. Anafanya kazi ya babu zake.

Sheria ya nchi yetu pia inalitambua jambo hili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja wajibu wa mzazi kwa mtoto wake: chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu, na katika orodha hiyo hiyo inataja haki ya mtoto ya kucheza na kupumzika. Kucheza kumewekwa pamoja na chakula.

Haya, tujenge. Nitawafundisha nyumba tatu.

Nyumba ya kwanza: nyumba ya meza

Hii ni nyumba ya dakika tano. Vitu vyake ni meza, khanga mbili au shuka moja, na mkeka.

Kwanza, chagua mahali. Chumba cha kulala au sebule yafaa. Jikoni hapafai kabisa. Sogeza meza kwenye kona, mbali na mlango ambao watu hupita. Ondoa kila kitu kilicho juu ya meza: taa, chupa ya chai, sahani, redio. Kwa nini? Kwa sababu mtoto atavuta kitambaa, na kilicho juu kitamwangukia kichwani.

Pili, tandika khanga juu ya meza zining'inie pande mbili. Upande mmoja uwe wazi, nao uelekee mahali unapokaa wewe. Khanga zisifungwe kwa vizito kama mawe, pasi wala tofali. Kitambaa kikianguka, kianguke chenyewe, bila kumwumiza mtu.

Tatu, tandika mkeka ndani, na juu yake gunia safi au blanketi kuukuu, kwa maana sakafu za Rungwe ni baridi. Nyumba imekwisha. Jioni kunja khanga zako, na meza irudi kazini.

Kama huna meza, weka viti viwili vikipeana migongo, viachane hatua moja na nusu, kisha tandika khanga katikati. Viti vyepesi vya plastiki huanguka upesi, hivyo tumia vizito, au sukuma kimoja ukutani.

Nyumba ya pili: nyumba ya boksi

Dukani au sokoni utapata boksi kubwa la karatasi ngumu, lililoletewa sabuni, biskuti au vyombo. Mwenye duka mara nyingi atakupa bure au kwa bei ndogo. Boksi moja kubwa latosha mtoto mmoja mdogo. Mawili yakiunganishwa yatosha ndugu wawili.

Kagua boksi kwanza. Ng'oa pini zote za chuma. Linuse. Kama lilibeba dawa ya kuua wadudu au dawa ya shamba, lichane, lisitumike kwa mchezo. Vivyo hivyo magunia na mifuko ya mbolea na dawa: hata ukiosha mara kumi, si kitu cha mtoto kulalia.

Chora mlango kwa kalamu. Mlango uwe mpana kupita mabega ya mtoto. Mtu mzima ndiye akate kwa kisu, mtoto awe mbali. Usiondoe mlango mzima: kata juu, chini na upande mmoja, upande wa nne uwe bawaba. Kisha kata madirisha mawili, kila moja upana wa kiganja, katika pande zinazotazamana, ili hewa na mwanga vipite. Nyuma ukate njia ya pili ya kutokea, maana nyumba ya mtoto isiwe na mlango mmoja tu. Watoto wawili wakikutana mlangoni, mmoja akalia, mwingine apate pa kutokea.

Kuunganisha boksi na boksi, pika gundi ya unga. Chukua kikombe kimoja cha unga wa ngano au wa muhogo, uukoroge kwa maji baridi mpaka usiwe na madonge, kisha uupike ukikoroga mpaka uwe mzito kama uji. Ukipoa, paka. Gandamiza kwa mkono, halafu uache usiku kucha.

Sasa mpe mtoto kaa lililozimika kabisa, au chokaa, au udongo mwekundu uliokorogwa kwa maji, achore ukuta wake. Hapa nawaomba ninyi wanafunzi jambo moja. Andikeni jina la mtoto juu ya mlango. Miezi michache iliyopita labda hukuweza kuandika jina lako mwenyewe. Leo unaandika la mwanao, naye anaona mkono wa mama yake au baba yake ukiandika. Siku ile atakapokwenda shule, herufi hizo atakuwa anazijua.

Nyumba ya tatu: nyumba ya mianzi

Hii ni kazi ya baba, au babu, au kaka mkubwa. Nyinyi watu wa Rungwe hamhitaji kufundishwa mianzi. Baba zenu walijenga nyumba zao kwa mianzi. Mimi nitasema vipimo tu.

Kata mianzi mitatu myembamba, unene wa dole gumba, kila mmoja mita moja na nusu. Hiyo ni miguu. Kisha kata mingine mitatu, kila mmoja mita moja na sentimita 20. Hiyo ni ya chini. Je, jumla ni mita ngapi za mianzi? Msinijibu mimi, andikeni katika madaftari. Tutaonana mwisho wa somo.

Sasa kazi kubwa ni kulainisha. Mwanzi uliokatwa una ukingo mkali kama wembe, na vibanzi vyake huingia kwenye kidole vikakatika. Sugua kila ncha kwa msasa au kwa jiwe lenye kukwaruza, halafu ifunge kwa kitambaa. Pitisha mkono wako mwenyewe kotekote. Kama mkono wa mkulima umechomwa, mkono wa mtoto utafanyaje?

Funga miguu mitatu pamoja, kiasi cha shibiri moja kutoka juu. Kamba ya mgomba yafaa sana. Isimamishe na kuitanua chini, mguu na mguu viachane mita moja. Sasa funga ile mianzi mitatu mifupi chini kabisa, kutoka mguu hata mguu, ilale sakafuni. Msiiache kazi hii. Sakafu ya saruji huteleza, na bila mianzi ya chini miguu itatanuka, nyumba itamlalia mtoto. Mwanzi wa upande wa mlango ufunikwe na ukingo wa mkeka, uwe kama kizingiti.

Kimo chake ndani kitapita mita moja kidogo. Mtoto wa miaka minne au mitano atasimama katikati. Tikisa nyumba kwa mkono. Iegemee kidogo. Ikicheza, kaza kamba. Kisha funika pande mbili kwa doti ya khanga, upande wa tatu uwe mlango. Badala ya khanga waweza kusuka majani makavu ya mgomba, mradi yasiwe na wadudu, na nyumba isiwe karibu na moto. Jani kavu la mgomba likishika moto halingoji mtu.

Mambo ya kukataza

Sasa nataka darasa zima ninyi nyote mnisikilize, na anayesoma apunguze mwendo.

Mwaka mmoja, wakati wa mvua, nilimjengea binti yangu nyumba ya blanketi. Alikuwa na miaka mitano. Jioni giza likaingia, naye akaniambia, "Baba, nyumbani kwangu hakuna taa." Nikaona vizuri, mtoto ana akili. Nikampa kibatari. Nikaenda kuwafungia kuku. Niliporudi niliona moshi. Pindo la blanketi lilikuwa linaungua, na binti yangu amekaa ndani akilitazama, hajui kama akimbie au angoje nimruhusu. Nilimtoa kwa mkono mmoja. Nywele za mbele zilikuwa zimeungua, ngozi haikuguswa. Kosa halikuwa lake. Kosa lilikuwa langu, mtu mzima, mwalimu. Tangu siku ile nina makatazo yangu, nanyi nawapa.

La kwanza: moto wowote usiingie katika nyumba ya mtoto. Si kibatari, si mshumaa, si kiberiti. Wakitaka mwanga, wacheze mchana, au uwape tochi.

La pili: jiko la mkaa lisiwekwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama baridi ni kali, hata kama watoto wanatetemeka. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu. Hewa hiyo haina harufu wala rangi. Mtu huumwa kichwa, husinzia, na asipotolewa nje hufa usingizini. Baridi huondolewa kwa sweta, soksi na blanketi.

La tatu: nailoni na mifuko ya plastiki isiwe ukuta wala paa la nyumba ya mtoto. Humziba pua na mdomo.

La nne: sanduku la bati au la mbao lenye kifuniko kizito si nyumba. Kifuniko kikifunga, mtoto hawezi kukiinua, na sauti yake haisikiki. Wakati wa kombolela hapo ndipo anapopapenda. Lifungeni kwa kufuli, na ufunguo uwe juu.

La tano: kamba ndefu zisining'inie ndani. Kata mabaki yote ya kamba uliyofungia.

La sita: mtoto mchanga asilazwe humo, wala mtoto wa miaka miwili asiachwe na mkubwa wa miaka mitano peke yao. Mtu mzima awe mahali anapoweza kuwaona na kuwasikia. Watoto wakinyamaza sana, inuka ukatazame.

Na kama ajali ya moto imetokea? Usipake dawa ya meno, wala mafuta, wala asali, wala unga. Mwagia mahali palipoungua maji safi ya baridi ya kawaida, yatiririke kwa muda wa dakika 20. Mahali pengine pa mwili pafunikwe, asipate baridi. Usipasue malengelenge. Funika kidonda kwa kitambaa safi, kisha nenda zahanati upesi.

Mwenye nyumba ni mtoto

Neno la mwisho. Mkimaliza kujenga, ninyi wakubwa tokeni. Usimwambie mtoto, "Sasa cheza mchezo wa baba na mama, sasa jipikilishe." Atajua mwenyewe. Leo nyumba ni duka, kesho ni zahanati, keshokutwa ni basi linalokwenda Mbeya. Mpe vifuniko vya chupa, magunzi, kikombe cha bati, kitambaa cha kufungia mwanasesere. Ukitaka kuingia, piga hodi. Akisema karibu, ingia, kaa chini, unywe chai yake isiyo na maji. Wewe baba, usione haya. Mtoto atakumbuka chai hiyo miaka mingi.

Na mvua itakapoanza tena juu ya mabati, mama atakuwa jikoni na sufuria yake, na mtoto atakuwa mahali pake, mbali na moto, akiwapangia wageni viti. Je, ndugu yangu uliyecheka mwanzoni, bado unacheka?

 

Maneno ya kusoma na kuandika: kizingiti, bawaba, kibanzi, msasa, shibiri, kibatari, malengelenge.

Maswali

1. Kwa nini watoto wengi huumia jikoni siku za mvua?
2. Wavulana wa Kinyakyusa wa zamani walijenga vijumba vyao vya kwanza kwa kitu gani?
3. Kwa nini mianzi ya chini ni lazima katika nyumba ya tatu?
4. Hewa ya jiko la mkaa ina hatari gani?
5. Hesabu: mianzi mitatu ya mita 1.5, na mitatu ya mita 1.2. Jumla ni mita ngapi? (Jibu: 4.5 na 3.6, jumla mita 8.1.)

Kazi ya nyumbani: Kabla ya somo lijalo, kila mmoja ajenge nyumba moja kati ya hizi tatu kwa mtoto wake, mjukuu wake au mtoto wa jirani. Kisha aandike sentensi tatu: mtoto aliiita nyumba yake jina gani, alimkaribisha nani, na alimpa chakula gani.